Mswala wa Anatolia na wanayousingizia

Kila mswala mkongwe wa kufumwa kwa mkono kutoka Anatolia ukitandazwa mbele ya mnunuzi, huja na hadithi zake. Zimerudiwa mpaka zimekuwa kama elimu. Nazijibu kwa sababu zinamdhulumu mwanamke wa Gördes au Ladik aliyekesha na kitanda chake cha mfumi.

Inayopendwa kuliko zote: mfumaji alikosea makusudi, kwani ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Maneno matamu, lakini yapime. Anayepanga kukosea anadai kwamba asingepanga, kazi yake ingekamilika. Huo si unyenyekevu. Wala hakuwa na haja ya kupanga. Sufu ilitiwa rangi kwa mafungu madogo: nyekundu ya mizizi ya rubia, buluu ya nili. Fungu likiisha katikati ya kazi, linalofuata halitoki sawasawa na lililotangulia, ndipo uwanja wa mswala unapopata mkanda wa nyekundu iliyopoa. Wenye kazi yao huuita abrash. Nyuzi za mtande zikilegea, ukingo unapinda. Nakshi za pambizo zikifika pembeni kabla hesabu haijatimia, anazibana au anazikata. Hapo unamwona mtu akifikiri huku mkono unafunga fundo.

Wengine husema kila alama ina maana moja isiyobadilika. Hapa ndipo ninapobisha zaidi. Tazama mswala wa kasri ya Waosmani, wa mwishoni mwa karne ya 16, ambao mkusanyaji wa mazulia James Ballard aliutoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 1922. Una matao matatu, nguzo pachapacha zilizosimama juu ya vitako vyake, na taa inaning'inia katika tao la kati. Anayeiona taa hiyo akaikumbuka Aya ya Nuru, sina ugomvi naye. Sasa ifuate sura hiyo vijijini katika karne mbili zilizofuata. Nguzo zinapoteza vitako na kubaki zikielea, au zinageuka mistari ya maua. Taa inakuwa shada lililopinduliwa, au birika. Je, birika hilo ni udhu, au ni taa iliyopita mikono mingi? Huenda ni yote mawili. Mfumaji hakunakili kamusi. Alirithi sura kutoka kwa mama na jirani, akaitia chake.

Kuhusu wingi wa vifundo, nitasema machache. Wingi hupima wembamba wa uzi na subira, haupimi jicho. Mswala wa kijijini wenye tao pana na rangi tatu nzito hauhitaji vifundo vya hariri.

Eti bila mihirabu, yaani lile tao, si mswala? Imepokewa katika Sahihi al-Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alisali juu ya khumra, kijamvi kidogo cha makuti ya mtende. Mswala wetu wa ukindu hauna tao wala taa, na sala inatimia, maana sharti ni utohara wa mahali. Tao la Waanatolia ni adabu ya kuelekea kibla iliyotiwa uzuri.

Limebaki dai kwamba mazulia yaliyomo katika makanisa ya Transylvania, Romania, ni nyara za vita. Daftari za ushuru za Brașov, mji wa huko huko Transylvania, za mwaka 1503 zinahesabu mazulia zaidi ya 500 yaliyopita mjini humo kama bidhaa. Mwaka 1610 Sultani Ahmed wa Kwanza aliwaamuru wafumaji wa Kütahya, Anatolia, wasitie Kaaba, mihirabu wala maandishi katika mazulia, kwa kuwa yalikuwa yakiuzwa kwa wasio Waislamu. Hakuna anayekataza biashara isiyokuwepo. Na amri haikuizuia: miswala yenye matao imo hadi leo katika Kanisa Jeusi la Brașov, imetundikwa juu ya viti vya waumini, mahali ambapo hakuna paji la uso litakaloigusa.