Fumbo la Kanga na Shajara ya Ofisini

Limeenea wazo miongoni mwa vijana wafanyao kazi za ofisi Dar es Salaam, na hasa wale walalao Tegeta, Mbagala na Chamazi, ambao saa zao nyingi huishia ndani ya daladala wakiwa na simu mkononi, kwamba shajara ya mtu ni mali yake, na kwamba ayaandikayo humo juu ya wenzake wa kazini hayamhusu mwingine, hata akiyatandaza katika intaneti yasomwe na kila mpita njia. Wazo hili ni bovu, wala ubovu wake haupunguzwi na desturi ya kuficha majina.

Na uchukuliwe mfano wa zahanati yenye watumishi sita huko Tandika. Karani wake akiandika usiku kwamba “yule mama wa dirishani” amesinzia tena mbele ya wagonjwa, nani asiyemjua? Msomaji wa Mwanza hamjui, wala hana haja naye. Wamjuao ni wale wanne waliobaki, na majirani zake, na watoto wake. Basi jina limefichwa kwa wasiolihitaji, likafunuliwa kwa wale ambao mbele yao aibu huuma. Na kama mama huyo hukesha nyumbani akiuguza mgonjwa wake mwenyewe, habari hiyo haimo, kwa kuwa mwandishi hakuuliza.

Watetezi wa mtindo huu hujibu kwamba watu wa pwani wamesemana kwa mafumbo tangu zamani: mwanamke huvaa kanga yenye maneno ya kumchoma jirani, na taarabu ya mipasho hupiga vijembe pasipo kumtaja mtu. Hoja hii ina nguvu kuliko zao zote, wala haifai kupuuzwa. Lakini walioileta hawakuitazama kanga vizuri. Maneno ya kanga hayakutungwa na aivaaye. Yamechapwa kiwandani kwa doti nyingi, naye ameyachagua dukani. Kwa hiyo aweza kuyakana, akasema amependa maua tu, na msemwa aweza kujifanya hakuyaona. Wote wawili wameachiwa mlango wa kutokea. Tena msemwa naye hulijua duka lilelile, na kesho atajibu kwa doti yake. Kanga hufuliwa, hupauka, mwisho huwa mbeleko. Shajara iliyotandazwa haina hata moja kati ya haya. Imemweleza mtu kwa mwenendo wake, kwa siku na kwa saa. Aliyesemwa hana pa kujibia. Na siku mwandishi atakapojuta na kuifuta, huenda nakala zake zimekwisha kuzagaa.

Samuel Pepys, mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, aliandika shajara yake tangu 1660 hadi 1669, na wenzi wake wa kazi hawakusalimika humo. Ila aliiandika kwa hati ya mkato, wala haikuchapishwa hata ulipofika mwaka 1825, wote walipokwisha kuwa mavumbi. Karibu na nyumbani, Shaaban Robert, karani wa serikali kwa miaka mingi, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua ambazo zilitolewa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwake. Mwaka huohuo wa 2002 Heather Armstrong wa Marekani alifukuzwa kazi kwa sababu ya yale aliyoyaandika katika intaneti juu ya wenzake.

Hata hivyo wakubwa wa ofisi wasishangilie. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyomwekea mtangaza uongo faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka uleule ilipitishwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ya kwanza ndiyo ipendwayo kutajwa ofisini. Ya pili ni nadra kusikika. Dawa za umma zikiibwa, kusema si umbeya, bali ni ushahidi, na ushahidi hupelekwa kwa mamlaka ukiwa na jina, tarehe na idadi ya makopo. Ajabu ni kwamba shajara hizi, zijaazo usingizi wa mama wa dirishani na mavazi ya muuguzi kijana, hunyamaza kimya zikimfikia mganga mfawidhi mwenye funguo za stoo.