Pesa Zimevuka, Ujumbe Bado

Mchuuzi wa dagaa katika visiwa vya Muleba hulipwa na mnunuzi wa Bukoba bila kumuuliza anatumia laini gani. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao za pesa, na Vodacom, yenye M-Pesa, huduma kubwa kuliko zote, ikafuata mwaka 2016. Lakini huyohuyo mchuuzi akihama WhatsApp kwenda Telegram, anaacha nyuma wateja wake na makundi yote ya bei. Wapo wanaosema tusubiri, soko litafungua mlango huu kama lilivyofungua ule wa pesa. Sidhani. Kampuni za simu hukata ada pesa inapotumwa, hivyo kuungana kuliziongezea mapato. WhatsApp haikati ada kwa ujumbe wa ndugu kwa ndugu; nguvu yake ni kwamba kila mtu yumo humo. Mfano unaofaa zaidi ni wa Machi 2017, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipoanzisha utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba. Hapo hapakusubiriwa hisani ya kampuni. Umoja wa Ulaya nao umeilazimisha kwa sheria Meta, inayomiliki WhatsApp, kuifungua kwa wapinzani wanaoomba.

Wengine wanaona dawa ni kugatua mitandao yenyewe, mfano wa Mastodon, ambako yeyote anaweza kuendesha seva yake. Wazo zuri, ila chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwa mfano, kina kazi ya kutosha kupima na kuuza kahawa; nani atakesha akilinda seva na kufuta matusi, tena mengine ya Kihaya? Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajali mipaka ya mitandao, na milango mingi ni njia nyingi kwao. Lakini sheria ya Ulaya inataka usimbaji ubaki uleule, na inaanza na ujumbe wa watu wawili kabla ya makundi. Hata mtumiaji anaweza kukataa ujumbe wa nje. Sisi tuna kikwazo cha ziada: Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na dola inayotakiwa kuzibana kampuni zifungue ndiyo hiyohiyo yenye kufuli. Kwa hiyo kanuni ya kuunganisha itungwe na Bunge, ikitaja wazi kwamba haimpi msimamizi mamlaka mapya ya kufunga wala kusoma ujumbe wa mtu.