Dubai haikuangushi kwa kukosa kazi, inakuangusha kwa kalenda

Umeshaona zile video. Msee mliyesoma naye shule ya upili amejirekodi chini ya Burj Khalifa, miwani ya jua usoni, nyuma yake chemchemi inacheza densi. Wewe uko Umoja, stima imepotea, simu imebakisha asilimia tisa. Moyoni unasema: hata mimi lazima nitoke.

Sikulaumu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu siku hiyo nimeifikiria Dubai mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele ya mama. Serikali nayo haijakaa kimya. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na Wizara ya Leba ikawaita vijana wajisajili chini ya mpango wa Kazi Majuu. Januari 2025 Kenya ikatia saini mkataba wa biashara na Milki za Kiarabu. Ujumbe tunaoupata ni mmoja: nje kuna kazi, toka uende.

Na ni kweli, kazi ziko. Dubai inahitaji mabawabu, madereva, wahudumu wa hoteli, wasafishaji, watu wa kupakia mizigo. Wengi wanaorudi mikono mitupu hawarudi kwa sababu mji ulikosa kazi. Wanarudi kwa sababu siku ziliisha kabla kazi haijafika. Hilo ndilo nataka tuliongelee leo, kwa sababu wanaouza ndoto hii huwa hawaligusi.

Vijana wengi hawaendi na viza ya kazi. Wanaenda na viza ya mgeni, ya siku 30 au 60, wakitarajia kupata mwajiri wakishafika. Kuna viza rasmi ya kutafuta kazi, lakini hiyo inadai uwe na digrii au ujuzi wa ngazi ya juu. Kwa mtu kama mimi aliyeacha chuo, mlango huo umefungwa. Kinachobaki ni ile ya mgeni, na ile ya mgeni ni saa inayohesabu kurudi nyuma.

Chukua mfano wa binamu yangu. Aliuza pikipiki, shangazi akaongezea pesa za chama, ajenti mmoja wa hapa Nairobi akalipwa shilingi 180,000. Alitua Dubai Jumamosi ya Aprili 13, 2024, mwisho wa likizo ya Idi, ofisi zimefungwa. Siku tatu baadaye ikanyesha mvua ambayo mji huo haujaona mfano wake tangu rekodi zianze kuwekwa mwaka wa 1949. Barabara zikawa mito, baadhi ya vituo vya treni vikafungwa. Wiki yake ya kwanza ikaenda na maji. Viza haikujali. Ilihesabu kila siku.

Sawa, mvua ilikuwa bahati mbaya. Lakini hata bila mvua, hesabu hii ni ngumu. Siku za kwanza zinaliwa na kutafuta laini ya simu, mahali pa kulala, mahali pa kuchapisha CV. Kisha unatembea ofisi kwa ofisi, na kuanzia Mei jua linaweza kupita nyuzi 40. Unaulizwa swali lilelile kila mahali: una uzoefu wa kazi za Ghuba? Hata ukikubaliwa, ubawabu una mafunzo na leseni yake, na kuna kupimwa kifua kikuu na HIV kabla ya kupewa ukaaji. Kila hatua ni siku.

Siku hizo zote unazilipia. Kwanza ni malazi. Mgeni hakodi keja kule, anakodi kitanda. Wanaita "bedspace": kitanda kimoja, mara nyingi cha juu kwa chini, katika chumba cha watu wanane au kumi, viatu mlangoni, foleni ya choo alfajiri. Binamu alilala Deira na watu kumi na moja. Wengine wanalala kwenye vijichumba vilivyokatwakatwa kwa mbao. Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilianza msako mkali dhidi ya vyumba hivyo visivyo na kibali, katika mitaa kama Al Rigga, Al Satwa na Al Barsha. Sababu ni ya maana, moto ukizuka humo watu hawatoki. Lakini kwa mgeni, maana yake ni kwamba kitanda cha bei nafuu kinaweza kupotea usiku mmoja, na kutafuta kingine ni siku nyingine imeliwa.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Ikifika siku ya hamsini, mfuko umekauka, anatokea mtu anakuambia: "Anza kazi kesho, viza yako tunaitengeneza." Binamu aliambiwa hivyo na mwenye biashara moja ya kuosha magari. Akaosha magari wiki tatu. Alipodai mshahara, akaambiwa asubiri. Alipodai tena, akaulizwa: viza yako iko wapi? Ilikuwa imeshaisha.

Kufanya kazi ukiwa na viza ya mgeni ni kosa kule. Agosti 2024 sheria ilibadilishwa, na mwajiri anayewatumia watu bila kibali sasa anaweza kutozwa faini kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Inasikika vizuri. Lakini jiulize, nani ataenda kushtaki wakati yeye mwenyewe hana viza? Kwa hivyo sheria ipo, na wanaoihitaji zaidi ndio wanaoiogopa zaidi.

Ukipitisha siku zako, faini ni dirhamu 50 kwa siku. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama 1,750 kila unapoamka, uwe umekula au hujala. Binamu alifikisha siku themanini na kitu. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya shilingi 140,000, kwa mtu anayekula mkate na chai. Kilichomwokoa ni msamaha uliotangazwa na Milki za Kiarabu kuanzia Septemba 1, 2024, ambao baadaye uliongezwa hadi Desemba 31. Faini zikafutwa, watu wakaruhusiwa kuondoka bila kupigwa marufuku ya kurudi. Lakini msamaha si mpango. Hauwezi kupanda ndege ukitegemea kwamba utasamehewa.

Swali la maana ni hili: kwa nini maajenti wanapenda sana viza ya mgeni? Kwa sababu haihitaji mwajiri. Sheria ya kazi ya kule, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema gharama za kumwajiri mtu ni za mwajiri, hazifai kudaiwa kwa mfanyakazi. Ukienda kwa njia ya kazi, hakuna sababu ya wewe kuuza pikipiki. Ukienda kwa njia ya mgeni, tiketi ni yako, viza ni yako, kitanda ni chako, faini ni yako. Hatari yote imetolewa kwa mwajiri ikawekwa mfukoni mwa shangazi yako. Ajenti yeye alishalipwa kabla hujafunga mkanda wa ndege.

Na kuna kitu kingine kinachokula siku, hiki hakina faini: aibu. Binamu alikuwa akituma picha za maghorofa. Tulikuwa tunampigia makofi. Kumbuka kwamba kule simu za sauti na video za WhatsApp hufungiwa, kwa hivyo ni rahisi sana kujificha. Unatuma ujumbe, unatuma picha, hakuna anayeuona uso wako. Shangazi aliuliza mara moja mbona hapigi video, akajibiwa mtandao wa huko ni mgumu. Ni kweli, lakini haikuwa ukweli wote. Angesema siku ya arobaini kwamba mambo yamekataa, tungechanga tiketi. Alisema siku ya mia moja na ishirini.

Kwa hivyo usitoke? Sijasema hivyo. Ninasema uhesabu siku kabla ya kuhesabu mshahara.

Kwanza, ukiweza, usipande ndege bila ofa iliyopitia mfumo wa MOHRE, wizara ya kazi ya kule. Na ajenti yeyote anayekufuata, mtafute kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Hayumo? Mwache aende na stori zake.

Pili, kama lazima uende na viza ya mgeni, beba pesa za siku zote, si za wiki mbili za "nitapata tu". Na pesa ya tiketi ya kurudi iwe kwa mtu mwingine nyumbani, asiyeweza kuguswa na njaa yako. Kama una siku 60, siku ya 45 keti chini ujiulize: kuna karatasi mkononi au kuna ahadi? Ahadi haigongwi muhuri kwenye pasipoti.

Tatu, pasipoti yako ni yako. Mwajiri kuishikilia ni kinyume cha sheria ya kule.

Nne, chagua mtu mmoja ambaye hutamdanganya. Mmoja tu. Wengine watumie picha za Burj Khalifa ukitaka, lakini huyo mmoja mwambie umelala na nini tumboni.

Serikali nayo ina deni lake. Kuhesabu dola zinazoingia ni rahisi. Tungependa pia ihesabu vijana wanaotoka JKIA na viza za wageni na CV kwenye begi, kwa sababu kila mtu pale uwanjani anajua hawaendi kutalii.

Binamu sasa yuko Kayole, anaendesha pikipiki ya mtu kwa kulipa kila jioni. Anasema atarudi Dubai. Nilimuuliza, baada ya yote hayo? Akanionyesha simu yake. Ndani alikuwa ameandika orodha: pesa za kitanda za miezi mitatu, chakula, tiketi ya kurudi, cheti cha mafunzo ya ulinzi. Mbele ya kila kitu ameweka tarehe. Mbele ya tiketi ya kurudi ameandika jina la mamake.

Safari ya kwanza hakuwa na orodha. Alikuwa na video tu.