Mgodi usio na bei sokoni: thamani yake inapimwaje?

Gramu ya dhahabu ina bei. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo anaweka mzigo wake kwenye mzani, usafi unapimwa, na bei elekezi ya siku inajulikana. Lakini mgodi mzima haupandi mzanini. Bei yake inatoka wapi?

Wahasibu wanatafuta kinachoitwa "thamani ya haki", yaani bei ambayo mnunuzi na muuzaji wangekubaliana leo bila yeyote kulazimishwa. Kanuni za kimataifa zinazotumika pia Tanzania zina ngazi tatu. Ya kwanza, mali ina bei ya wazi sokoni, kama hisa zilizoorodheshwa. Ya pili, unatazama mali inayofanana nayo, kama unavyokadiria bei ya ng'ombe wako kwa yule wa jirani aliyeuzwa mnadani jana. Ya tatu, hakuna cha kulinganisha, unabaki na makadirio. Kampuni binafsi nyingi ziko hapo.

Makadirio yanaweza kupishana sana. Tukumbuke Acacia, iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi huku Kahama, na North Mara kule Tarime. Mei 2019 Barrick ya Kanada, iliyokuwa tayari na karibu asilimia 64 ya hisa, ilipendekeza kununua zilizobaki kwa bei iliyoipa Acacia yote thamani ya dola milioni 787. Wanahisa wadogo walikataa. Julai hiyohiyo yakafikiwa makubaliano yaliyoipa kampuni thamani ya takriban dola bilioni 1.2.

Mwamba ulikuwa uleule. Sehemu ya ongezeko ilitokana na kupanda kwa hisa za Barrick zilizotumika kulipia. Lakini ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mipango ya migodi: dhahabu kiasi gani itatoka, kwa miaka mingapi, kwa gharama gani? Juu ya hayo kulikuwa na mgogoro wa kodi na Serikali, na zuio la kusafirisha makinikia lililoanza Machi 2017. Ukibadilisha jibu moja tu, bei nzima inahama.

Septemba 2019 ununuzi ulikamilika, na hisa za Acacia zikaondoka sokoni. Leo Serikali ina asilimia 16 katika Twiga, kampuni ya ubia na Barrick, na katika migodi hiyo. Twiga haipo kwenye soko la hisa, kwa hiyo mwananchi hawezi kufungua simu akaona fungu la taifa lina thamani gani leo. Anategemea hesabu zilizokaguliwa, na maswali ya wabunge wake.

Jambo hili lipo hata kwenye duara. Mwenzenu akitaka kujitoa, alipwe kiasi gani? Anayebaki atasema mwamba umekwisha, anayeondoka atasema mkanda mnono uko mita chache mbele. Kila mmoja ana sababu ya kuvutia kwake.

Ushauri wetu, msikilizaji: kabla ya kuanza kazi, andikeni fungu la kila mtu, nani atapima thamani, na kwa njia gani. Na yeyote akikutajia bei ya kitu kisicho na soko, usiishie kuuliza "ni shilingi ngapi?" Uliza pia: "Umekadiria nini mpaka ukaipata, na wewe unanufaika vipi ikiwa hivyo?"