Mashauri ya Mifugo: Mwana-Farasi Hafunzwi kwa Haraka

Mtu atokaye Kawangware akapita Dagoretti Kona, au atokaye Kibera akaifuata barabara ya Ngong kuelekea magharibi, hufika penye uwanja wa mashindano ya farasi ulio ukingoni mwa msitu. Mbio za Nairobi zilihamishiwa hapo mwaka 1954, na tangu wakati huo wakazi wa pande hizo mbili wameishi jirani na mnyama ambaye wananchi wengi humjua kwa macho tu. Siku ya mashindano watazamaji huwaona farasi wakipita kwa kishindo, na mbio moja humalizika kwa dakika chache. Lakini farasi hapati uhodari wake katika dakika hizo. Aliupata, au aliupoteza, zamani kabla ya siku hiyo, wakati alipokuwa bado mtoto asiyejua hatamu wala tandiko.

Kazi hiyo ya mwanzo imo mikononi mwa watu wawili. Wa kwanza ni mfunzi, mwenye leseni, ambaye ndiye aamuaye. Wa pili ni saisi, ambaye humlisha farasi, humsafisha, humwongoza na kumwangalia kutwa. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, nalo lilisafiri kupitia India pamoja na desturi za mabanda ya farasi. Katika karatasi ya mashindano huandikwa jina la farasi, la mwenyewe, la mfunzi na la mpandaji. Jina la saisi kwa kawaida halimo. Walakini yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba farasi hakumaliza chakula chake cha usiku, au kwamba mguu mmoja una joto kuliko mwingine. Mfunzi asiyemsikiliza saisi wake ni kama hakimu akataye kesi bila ya kuwaita mashahidi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwana-farasi hudanganya macho. Huzaliwa baada ya mimba ya miezi 11 hivi, naye husimama kwa miguu yake mwenyewe kabla saa nyingi hazijapita. Afikapo mwaka mmoja huwa amekwisha pata karibu sehemu 9 katika 10 za kimo chake, hata mgeni akimwona husema kwamba yu tayari kwa kazi. Lakini kimo si ukomavu. Karibu na ncha za mifupa mirefu mna sehemu laini ambazo mfupa hukua kwazo. Sehemu hizo hufunga na kuwa ngumu kwa zamu. Zile zilizo karibu na ukwato hufunga mapema, mnamo mwaka wa kwanza. Ile iliyo juu ya goti la mbele husubiri mpaka miaka 2 au 2 na nusu. Zile za uti wa mgongo, yaani mahali pale pale akaapo mpandaji, hazikamiliki mpaka miaka 5 au zaidi. Na huku nyuma, katika nchi nyingi farasi huanza kushindana wakiwa na miaka 2 tu!

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii ni ya kweli kwa farasi pia, ila sharti ijulikane kinachokunjwa ni kitu gani. Tabia ya farasi na ikunjwe mapema, lakini mifupa yake isikunjwe. Mfunzi mwema huzitenga hesabu hizi mbili. Akili ya mnyama huanza kuifundisha tangu siku za kwanza. Mzigo na mbio huviongeza kidogo kidogo, kwa kadiri mwili unavyoweza kuchukua.

Kuhusu akili, yafaa ikumbukwe kwamba farasi ni mnyama ambaye kinga yake ni kukimbia. Macho yake yako kando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na pale nyuma ya mkia. Amwendeaye kwa nyuma kimya kimya hujitafutia teke. Tena, porini kitu kinachomrukia farasi mgongoni ni mnyama mkali atakaye kumla. Kwa hiyo mtu apandaye mgongo wa mwana-farasi mara ya kwanza anamtaka asahau jambo ambalo damu yake imemwonya kwa vizazi vingi. Fimbo haiwezi kumsahaulisha. Fimbo humthibitishia tu kwamba hofu yake ilikuwa ya haki.

Basi masomo huanza angali akinyonya. Saisi humzoeza kuguswa shingo, mgongo na tumbo, kisha miguu, kisha masikio. Humvika kamba ya kichwa na kumwongoza nyuma ya mama yake. Humwinua ukwato mmoja kwa nukta chache na kuurudisha chini kabla hajaanza kupigana. Mtu aweza kuyaona mambo haya kuwa mchezo, lakini mfua viatu na daktari wa wanyama watashukuru baadaye, maana farasi mzima huwa na uzito upatao kilo 450 au zaidi, na hakuna mtu awezaye kushindana naye kwa nguvu za mikono. Hupasa aamini kwamba mtu ana nguvu kumshinda, na imani hiyo hupandwa wakati bado ni kweli.

Akiisha kuachishwa ziwa, kwa kawaida kama kwenye miezi 6, huachwa akue malishoni pamoja na wenzake. Mafunzo ya tandiko huja baadaye, apatapo umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwanza kinywa chake huchunguzwa, kwani farasi wengi huota vijino vidogo mbele ya magego, navyo huumiza vikigongwa na lijamu. Farasi arushaye kichwa mara nyingi si mkaidi, anaumwa. Kisha huvishwa lijamu laini, akaachwa aitafune na kuizoea kwa siku kadhaa pasipo kuvutwa. Hufuata mshipi wa tumboni, unaokazwa tundu moja leo na tundu jingine kesho. Halafu saisi hutembea nyuma yake kwa hatamu ndefu, akimfundisha kugeuka, kusimama na kwenda mbele kwa sauti, kabla mtu yeyote hajampanda. Kuzungushwa katika duara kunafaa kwa muda mfupi tu, kwa sababu duara dogo huikamua miguu michanga upande mmoja. Na kila lifanywalo upande wa kushoto hurudiwa upande wa kulia.

Siku ya kupandwa haina shangwe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mpandaji mwepesi huinuliwa akalala kifudifudi juu ya tandiko, huku saisi akishika kichwa na kusema na mnyama kwa sauti ile ile aisikiayo kila siku. Akitulia, mpandaji hushuka, na somo limekwisha. Kesho hurudiwa, na kesho kutwa, mpaka mpandaji aweze kukaa wima pasipo mnyama kukaza mgongo. Baadaye mwana-farasi hutolewa nje akimfuata farasi mzee mwenye makini, kwa kuwa mnyama hujifunza utulivu kutoka kwa mwenzake upesi kuliko kutoka kwa mtu. Huenda kwa hatua, kisha mchakamchaka, na mwisho mbio za polepole katika njia iliyonyoka. Vizimba vya kuanzia mashindano navyo huonyeshwa kwa njia hiyo hiyo: kwanza hupitishwa milango yote miwili ikiwa wazi, siku nyingine husimamishwa ndani, na siku nyingine tena hufungiwa.

Yote hayo ni utaratibu wa jumla. Ustadi wenyewe uko katika kuubadili. Wana-farasi watatu waweza kuwa wa baba mmoja na kulelewa banda moja, na bado mmoja akawa mwoga, wa pili mchezaji, na wa tatu mvivu. Mwoga akipewa siku mbili kwa somo lililompasa mchezaji siku moja, hajapoteza wakati, bali ameokoa miezi. Mchezaji naye akirudishiwa somo analolijua huchoka na kuanza ufedhuli.

Kisa cha farasi Seabiscuit wa Marekani ni ushahidi mzuri. Mwaka 1935, akiwa na miaka 2, alishindanishwa mara 35, akawa mnyama mwenye hasira asiyekula wala kulala vema. Mwaka uliofuata alinunuliwa na tajiri mwingine, akakabidhiwa kwa mfunzi mzee aitwaye Tom Smith, mtu wa maneno machache. Smith alimpumzisha, akampa farasi mpole aitwaye Pumpkin awe mwenzake bandani, na akamsoma tabia yake kabla ya kumdai mbio. Tarehe 1 Novemba 1938 Seabiscuit alimshinda War Admiral, aliyesifiwa kuliko farasi wote wa nchi hiyo wakati huo. Damu na miguu yake ilikuwa ile ile. Yaliyobadilika ni malezi.

Hapa Kenya kuna kisa kinachofanana nacho. Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika shamba la baba yake, alipata leseni ya kufunza farasi akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Mwaka 1926 mwenye farasi bora katika banda lake alimwondoa mnyama huyo kabla ya mashindano makubwa ya St Leger, akampeleka kwa mfunzi mwingine. Bibi Markham alibaki na farasi jike aitwaye Wise Child, ambaye kano za miguu yake zilikuwa zimedhoofika kwa kukimbizwa juu ya ardhi ngumu kabla hajafika kwake. Akisaidiwa na arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, aliiuguza miguu hiyo na kuipa kazi kwa kipimo siku hata siku. Siku ya mashindano Wise Child alimshinda yule farasi aliyeondolewa. Bibi huyo alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1942. Aliendelea kufunza farasi hata uzeeni, naye alifariki Nairobi mwaka 1986.

Lakini isidhaniwe kwamba uvumilivu maana yake ni kumwacha farasi asimame bandani. Mfupa usiotumiwa hauwi imara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichunguza maumivu ya muundi yanayowapata farasi wachanga wengi mwanzoni mwa mafunzo. Waliona kwamba mwendo mrefu wa polepole peke yake hautayarishi mfupa kwa mashindano. Mbio fupi za upesi, zikirudiwa mara kwa mara na kuongezwa kwa taratibu, huufanya mfupa ujijenge mahali panapohitajika. Kwa hiyo mvumilivu ni yule aongezaye kwa kipimo, kisha akangoja kuona mwili umejibu nini. Kiangazi, ardhi ikaukapo na kuwa kama sakafu, kipimo hicho hupunguzwa, hata kama siku ya mashindano iko karibu.

Na hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Mwenye farasi hulipa kila mwezi chakula, mishahara, daktari na viatu, naye hutamani kuona zawadi. Mfunzi asemaye "Bado" hujihatarisha, maana mnyama aweza kuondolewa kwake. Saisi naye yumo katika hatari. Katika banda ambalo aletaye habari mbaya hukemewa, saisi akikuta joto mguuni alfajiri atanyamaza, na farasi atatolewa kukimbia. Siku tano za kupumzika zingetosha. Sasa kano imekatika, na mpandaji yuko chini. Uvumilivu kwa farasi hauwezi kukaa mahali ambapo hakuna uvumilivu kwa watu. Mfunzi mwenye busara huuliza kila asubuhi, naye hushukuru aambiwapo neno asilotaka kulisikia.

Wasomaji wengi hawatakuwa na farasi kamwe, lakini wengi wana punda au wataajiri mwenye punda. Mambo yaliyosemwa hapa yanamhusu yeye vile vile. Yafaa punda asifungwe mkokoteni kabla ya kutimiza miaka 3, wala asipewe mzigo kamili kabla ya miaka 4. Azoezwe kwanza kamba, kisha matandiko, kisha mkokoteni mtupu, akienda kando ya punda mzee. Miguu yake ipapaswe kabla ya kazi na baada ya kazi, na mgongo utazamwe kama una vidonda. Mtu atafutaye riziki kwa mkokoteni huona miezi hiyo ya kungoja kuwa hasara. Na apige hesabu: punda aliyelelewa vema aweza kumtumikia kwa miaka mingi, na aliyeharibiwa akiwa mchanga hula kama mzima na kuvuta kama mgonjwa.

Kila amfunzaye mnyama mchanga, awe wa mbio au wa mizigo, na ajiulize maswali matatu kabla ya kuongeza somo jipya. Je, la jana amelielewa? Je, mwili wake umelichukua bila joto wala uvimbe? Je, usiku alikula chakula chake chote? Jibu moja likiwa "Hapana," somo jipya lingoje mpaka kesho.