Muguka: Tulibishania Ushuru, Usingizi Tukausahau

Hapa Kibugu, Embu, ukisema umetoka Mombasa huulizwi habari za bahari. Unaulizwa: mbona mlikataa muguka wetu? "Wetu" yenyewe ina utani, maana huku juu karibu na msitu wa Mlima Kenya ni majani chai na kahawa. Muguka unatoka chini, Mbeere, kule Kiritiri na Siakago. Lakini kaunti ni moja, na karo za watoto wengi zimelipwa na jani hilo.

Nawaelewa. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi ikafuata, mkulima aliona sahani yake imepinduliwa. Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa kisheria, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Tukabaki kubishana mamlaka na ushuru. Mwili wa mtafunaji haukupata wakili.

Tuuangalie basi. Ndani ya jani mna kathinoni, inayoamsha ubongo, kupandisha presha na kuufanya moyo uende mbio. Hupungua nguvu jani likinyauka, ndiyo maana magari ya muguka hukimbizwa usiku kama yamebeba mgonjwa. Pia huua njaa. Kijana wa maskani anayeanza kutafuna alasiri hali chajio. Mdomo unakauka, anateremsha kwa soda, na chupa moja ya kawaida ina sukari gramu 30 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana zisifike 25. Yeye kwa kikao kimoja anamaliza chupa tatu, tena na jojo juu.

Halafu usingizi. Hapa ndipo naona madhara makubwa, na ndipo tunapozungumza kidogo. Anayelala saa kumi alfajiri na kuamka saa mbili kubeba abiria kwa bodaboda hajapumzika. Hasira ziko karibu, macho mazito. Dawa yake? Muguka mwingine. Choo kigumu na nguvu za kiume kupotea, hayo husemwa kwa kunong'ona.

Kwangu marufuku peke yake haitoshi. Tanzania mirungi ni haramu, Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na biashara ya magendo ikabaki. Ninachotaka kaunti zetu zifanye ni kazi ndogo zisizopigiwa makofi: vibanda visiwe karibu na shule, mtoto asiuziwe, na kliniki zetu zimuulize kila kijana mwenye presha analala saa ngapi na anatafuna nini. Na serikali ya Embu, inayotetea zao hili, ije Pwani ikae nasi tuzungumze pia gharama za matibabu.