Mkulima wa Kibaigwa na timu ya uchumi ya Rais mpya

Rais mpya anapotangaza Baraza la Mawaziri, magazeti hujaa picha na wasifu wa wateule: huyu profesa, yule amefanya kazi nje, mwingine mchapakazi. Katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mazungumzo huwa tofauti. Mkulima mwenye magunia kumi ya mahindi anataka kujua jambo moja tu: je, lori la mnunuzi litaruhusiwa kuvuka mpaka?

Wapo wanaomwona mpiga kura wa namna hii kuwa ni mtu aliyekata tamaa. Hapana. Ana kumbukumbu, basi.

Anakumbuka Desemba 2005, Jakaya Kikwete alipochaguliwa kwa asilimia 80 ya kura, na nchi nzima ikiimba ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Timu iliyotangazwa Januari 2006 ilitia matumaini. Zakia Meghji alikuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha. Juma Ngasongwa alipewa mipango na uchumi, Joseph Mungai kilimo, na Daudi Ballali aliendelea kuwa Gavana wa Benki Kuu.

Oktoba mwaka huohuo Mungai alihamishwa, kilimo akapewa Stephen Wasira. Januari 2008 Ballali aliondolewa kutokana na kashfa ya akaunti ya EPA. Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la umeme wa dharura wa Richmond, baraza likavunjika na Meghji hakurudi Hazina. Kwa mtu anayehesabu miaka kwa misimu, timu ile iliona mavuno mawili tu.

Na Richmond haikuwa habari ya Dar es Salaam peke yake. Ukame uliopunguza maji ya bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ndio huohuo uliounguza mazao ya uwanda wa kati. Aliyepoteza mahindi shambani alikuta na mashine ya kusaga imezimika kwa mgawo wa umeme.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Yalikuja mabilioni ya JK, bilioni moja kila mkoa, yakapitia benki ambazo asiye na dhamana hupita mlangoni tu. Agosti 2009 Kilimo Kwanza ilizinduliwa hapa hapa Dodoma, ikiwa na nguzo kumi. Matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono yakasifiwa kila mahali, kana kwamba udongo mgumu wa Chamwino ni jaruba la mpunga. Hata ahadi ya asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, ambayo wakuu wa nchi za Afrika waliiweka Maputo mwaka 2003, awamu ile iliondoka bila kuitimiza.

Lakini mjadala wa nani amepewa kilimo humpeleka mpiga kura mahali pasipo. Waziri wa Kilimo hugawa mbegu na maneno. Bei ya gunia huamuliwa na wengine. Uamuzi wa kufunga mpaka hutangazwa na wakubwa wake, na ushuru wa mafuta ya kula hupangwa Hazina. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta yanayotoka nje ulipandishwa, na aliyelima alizeti akapata nafuu. Mwaka 2022 ulilegezwa ili kupunguza makali ya bei mijini; msimu uliofuata wakulima wa Singida na Dodoma walilia na magunia yao. Hayo yalitokea wakati bajeti ya kilimo ilikuwa imepanda kutoka Sh bilioni 294 hadi Sh bilioni 954. Bajeti ya wizara ilinona, mfuko wa mkulima ukakonda.

Watetezi wa kufunga mpaka wana hoja. Nchi haiwezi kuuza chakula wakati watu wake wana njaa, na Dodoma, yenye mvua kidogo isiyoaminika, huonja njaa hiyo mapema kuliko mikoa mingine. Mkulima huyu huuza mahindi Juni na mara nyingi hununua mahindi Februari. Mpaka ukifungwa anauza kwa bei ya kutupa, kwa sababu hana ghala na ana madeni. Februari ikifika ananunua kwa bei ya mwenye ghala. Unga wa mjini unashuka bei kwa gharama yake, wala hakuna anayemlipa fidia. Serikali inayofunga mpaka ingepaswa siku hiyohiyo kuipa NFRA fedha za kununua, tena kwa kilo, wala si kwa lumbesa. Huo ndio mtihani wa timu yoyote mpya, hata ikiwa na madaktari wa uchumi kumi.

Juni 2017 ulikuwa mwezi wa kufunza. Katika hotuba ya bajeti iliyosomwa Dodoma, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipunguza ushuru wa mazao ya chakula unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi 2, na anayesafirisha chini ya tani moja akaachiwa apite bure. Ilikuwa hatua njema, na wachuuzi wa Kibaigwa waliisikia, kwa kuwa ushuru huo ulikuwa kero ya kila kizuizi barabarani. Kabla mwezi haujaisha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mavuno yalikuwa sokoni. Asilimia tatu alizoachiwa mkulima mwanzoni mwa Juni zilikuwa za gunia ambalo mwishoni mwa Juni lilikuwa limepoteza wanunuzi wake wa Kenya.